Kifungu Hakikusema: Maisha Yangu ya Kufundisha Ufahamu

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika skuli kabla geti halijafunguliwa, nikasimama nje na mkoba wangu mpya, nikijifanya natazama minazi. Ilikuwa skuli moja ya Kaskazini Unguja, upande wa Mkokotoni. Mimi Kidawa, mtoto wa Kikwajuni, nilikuwa sijawahi kulala nje ya mji ila kwa harusi au msiba. Nilikuwa na cheti cha ualimu, boksi la chaki nililonunua mwenyewe, na hamu ya kufundisha Kiingereza isiyokuwa na breki.

Mwalimu Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia iliyotiwa wanga ikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Wewe ndo wa Kiingereza?"

"Naam."

"Basi una bahati. Watoto wa hapa wanasoma! Wallahi wanasoma. Nenda Kidato cha Pili ukawasikilize, halafu uje uniambie."

Nikaenda. Somo lilikuwa ufahamu. Kwa yule aliyekwishasahau, ufahamu ni hivi: mwanafunzi hupewa kifungu, yaani habari fupi ya aya chache, akakisoma, kisha akaulizwa masuali ili ijulikane kama alichokisoma kimemwingia au kimempita. Kifungu cha siku ile kilihusu safari ya treni kwenye nchi ya theluji. Nikamwinua kijana mmoja wa mbele asome.

Alisoma! Hakukwama, hakugugumia, sauti inapanda na kushuka mahali pake. Nilikaribia kupiga makofi. Nikamsogelea nitazame ukurasa, nikamchukulia kitabu mkononi taratibu, na yeye akaendelea kusoma. Kitabu ninacho mimi, yeye anasoma! Alipofika mwisho wa ukurasa akalamba kidole, akafunua hewa, akaendelea na ukurasa wa pili. Wenzake wala hawakushtuka.

"Hebu ngoja," nikamwambia. "Hiyo treni ilikuwa inakwenda wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, unataka nnanze tena?"

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nilipomaliza kucheka nikapandwa na hasira, maana mimi hasira zangu ziko karibu, hata wanangu wanajua. Nikarudi ofisini kwa hatua za shari.

"Si nlikwambia wanasoma?" akasema Mwalimu Mkuu.

"Wanasoma, lakini hawajui walichokisoma!"

"Sasa hilo ndo la kwako. Wangekuwa wanajua, Wizara ingekuleta huku kufanya nini?"

Nilikaa pale Kaskazini miaka mingi nikila dagaa na kutafuta jibu.

Msinielewe vibaya. Kuhifadhi si jambo dogo. Watoto wetu wanatoka chuoni, kwenye kuhifadhi Kurani, na vichwa vilivyozoea kubeba, na ulimi wao ni mwepesi kwa lugha yoyote utakayowapa. Tabu ilikuwa kwengine, na ilinichukua muda kuiona. Kwetu mtoto hamhoji mtu mzima. Mtu mzima akisema, unasikiliza, unaitikia naam. Na kitabu, kwa watoto wale, kilikuwa mtu mzima kuliko wote. Nani atakiuliza kitabu, "Kwa nini unasema hivyo?" Huo ungekuwa utovu wa adabu. Wakakisikiliza, wakakihifadhi, wakakiitikia.

Kwa hivyo wakijibu masuali, wananyofoa. Kunyofoa ni neno letu walimu wa ufahamu. Ukiuliza, "Kwa nini bibi alikasirika?" mwanafunzi anasaka kwenye kifungu neno "alikasirika", analikuta, anaing'oa sentensi nzima na kuipachika kwenye jibu, hata kama sentensi hiyo inasema bibi alikasirika akaenda kuteka maji. Ukimuuliza kama ameelewa, anasema ndiyo kwa moyo mweupe kabisa.

Baadaye nikahamishiwa skuli moja ya karibu na Malindi. Ah, wale walikuwa watu wengine! Baba zao makuli na makarani wa bandarini, na wenyewe Kiingereza wanakizungumza kwa haraka na makosa bila ya haya hata kidogo. Mwalimu Mkuu wa pale alinipokea kwa maneno machache: "Hawa kuzungumza wanajua. Wafundishe kunyamaza wasome." Walikuwa hawanyofoi, wanabuni. Kifungu kinasema mtu amepanda boti, wao wanakwambia bahari ilichafuka, watu wakatapika na nahodha akalia. Yote hayo hayamo. Nikimuuliza mmoja ameyapata wapi, ananiambia, "Mwalimu, boti si ndo ilivyo?"

Kaskazini walikuwa wananyofoa, Malindi wanabuni. Nikajiona kama mpishi ambaye siku moja chungu kimekosa chumvi na siku ya pili imezidi.

Posti yangu ya tatu, na ya mwisho, ilikuwa nyumbani: skuli ya mjini, mwendo mfupi kutoka kwetu Kikwajuni. Mwalimu Mkuu wa hapo alikuwa mwanamke, mkali, nadhifu, buibui lake halina mkunjo, viatu vyake unavisikia kutoka ngazi ya chini na ukumbi mzima unanyamaza. Jina la skuli alilipenda kuliko roho yake. Akanipa Kidato cha Nne, Mkondo D.

Mkondo D, wenyewe walijua, ni pale walipotiwa waliokatiwa tamaa. Walikaa nyuma hata waliokaa mbele. Miongoni mwao alikuwamo Riziki Makame, mtoto wa Tumbatu anayekaa na shangazi yake Kikwajuni ili asome. Darasani Riziki alikuwa bubu. Ukimuuliza suali anatazama meza kama imeandikwa jibu.

Mwalimu Mkuu akaniita mwanzo wa mwaka. "Mwalimu Kidawa, nnakwambia mapema. Mkondo D wakishindwa Kiingereza kwenye majaribio, watarudia darasa. Sitowaingiza kwenye mtihani wa taifa wakaniaibishia skuli."

"Wote?"

"Wote."

Majaribio ni ule mtihani wa ndani unaotangulia ule mkubwa. Nilipowaambia wanafunzi, wengi waliinua mabega. Riziki peke yake alibaki baada ya kengele. Sauti yake niliisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mwalimu, mie nkirudia darasa, baba kashasema nrudi Tumbatu. Basi ndo nshamaliza skuli."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka niwe mwalimu," akasema, akaona haya, akakimbia.

Nilikwenda nyumbani siku ile sina raha hata ya kula. Nikafundisha kwa nguvu zangu zote, nikatumia kila nilichojua: kupitisha macho, yaani kukipitia mbio kifungu kizima kupata harufu yake, kusaka, yaani kutafuta neno moja unalolihitaji, masuali ya juu, ambayo jibu lake limeandikwa, na masuali ya ndani, ambayo jibu lake unalikisia. Wapi! Wakanyofoa tu. Riziki alinyofoa kuliko wote.

Sasa sikilizeni. Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nimebaki nyuma ya kabati la darasa natafuta chaki, wasichana hawajaniona. Riziki akaleta habari: juzi kwenye harusi Michenzani, biriani limetoka halina nyama. Lo! Walimrukia.

"Nani kasema?"

"Mie mwenyewe nlikuwepo."

"Ulikuwepo, umekula, au umesikia?"

"Nimekula!"

"Ngoja kwanza. Sinia lenu ndo halina nyama, au biriani zima halina nyama?"

Riziki akasita. "Sinia letu."

"Mlikaa wapi?"

"Nyuma, karibu na mlango."

"Basi nyama imewaishia nyinyi mliokaa nyuma! Usituzushie watu. Na bi harusi alijua?"

"Hilo sijaambiwa."

"Basi usiseme alijua."

Nikatoka nyuma ya kabati vumbi limenijaa, nao wakapiga kelele wakidhani nitawagombeza. Mimi nilitaka kuwabusu mmoja mmoja! Watoto hawa, ambao hawawezi kunijibu bibi amekasirika kwa nini, wameipasua habari ya biriani mpaka mifupa. Wametenganisha alichokiona mtu na alichokisikia. Wamekisia kutokana na alipokaa. Wamekataa kuongeza kisichosemwa. Huo ndio ufahamu wenyewe, na nilikuwa nimeutafuta kutoka Mkokotoni mpaka Malindi, kumbe wanao midomoni kila siku. Ila kwa kitabu walikuwa wanaona aibu.

Kesho yake nikawaambia, "Kuanzia leo kitabu si mtu mzima. Kitabu ni jirani aliyeleta habari. Mhojini."

Tukazisukuma meza ukutani, viti tukavipanga duara kama watu waliokaa barazani. Mmoja anakuwa mleta habari, anasoma aya moja, waliobaki wanamdodosa kwa Kiingereza: Nani? Kasema yeye au umedhani wewe? Umejuaje? Akijibu kwa kunyofoa, wanaguna wote. Akiongeza lisilokuwemo, wanampigia kelele, "Mzushi!" na adhabu ya mzushi ni kufuta ubao. Wiki ya kwanza ubao wetu uling'ara kuliko wa skuli nyengine yoyote Unguja.

Na Riziki, bubu wangu! Siku ya tatu au ya nne alisimama na kidole juu, mtandio umemkaa upande, anamfokea mwenzake kwa Kiingereza kilichovunjika vunjika lakini kinachokwenda: nani amekwambia mtu huyu ni tajiri, nionyeshe mstari! Mwenzake akatafuta mstari, hakuuona, akachukua dasta bila ya kuambiwa. Nilifurahi mpaka nikageuka dirishani, wasiyaone macho yangu.

Vile viatu vikasikika ngazini. Mlango ukafunguliwa.

"Mwalimu Kidawa! Hii skuli au soko la Darajani?"

"Skuli, Mwalimu Mkuu. Tunasoma ufahamu."

"Ufahamu unasomwa kwa macho. Mbona mie nauskia kutoka ofisini?"

"Ndo mara ya kwanza unasikika, Mwalimu Mkuu. Miaka yote ulikuwa kimya na haukuwaingia."

Mwanamke yule alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Haya," akasema. "Majaribio ntamwita mkaguzi atunge kifungu yeye, si wewe wala mimi. Mkondo A na Mkondo D watafanya karatasi moja. Wako wakishindwa, meza zinarudi mahali pake na wao wanarudia darasa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alipotoka, Riziki akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kifungu hicho hata wewe hutokijua?"

"Hata mimi."

"Basi kitakuwa jirani mgeni," akasema, na darasa zima likacheka, ingawa cheko lenyewe lilikuwa na woga ndani yake.

Mkaguzi alikuwa mzee wa Wizarani, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, mtu wa kahawa na kashata. Aligawa karatasi mwenyewe. Kifungu chake kilikuwa chepesi kwa kukitazama. Mtu mmoja anakwenda kwa ndugu yake mji wa pili, amebeba kiroba begani. Njiani anakihamisha bega mara hili mara lile, anapumzika kila penye kivuli. Mvua inamkuta. Ndugu yake anampokea, wanakula, wanalala, na alfajiri mgeni anaondoka wenyeji hawajaamka, kiroba amekiacha mlangoni. Basi. Masuali yakafuata, na moja likauliza: Ndani ya kiroba mlikuwa na nini?

Mimi nilikuwa nje ya ukumbi nazunguka. Niliposikia kutoka kwa mwalimu msimamizi kwamba liko suali hilo, nikazidisha mwendo. Sikujua watoto wangu wangefanya nini. Kuacha suali wazi kwenye mtihani ni jambo ambalo mwanafunzi wetu hafanyi. Bora aandike chochote kuliko kumwambia mtu mzima kwamba suali lake halina jibu.

Mkaguzi alisahihisha ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mimi nimekaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu Mkuu alikuwa anachungulia juu ya bega lake.

"Hawa Mkondo A, tazama," akasema kwa fahari. "Huyu kaandika mchele. Huyu nguo. Huyu zawadi za watoto. Wote wamejibu."

"Naam, wote wamejibu," mkaguzi akaitikia, anatafuna kashata.

Zikaja karatasi za Mkondo D. Ya kwanza, kwenye suali lile, iliandikwa kwa Kiingereza kifupi: kifungu hakikusema. Ya pili: kifungu hakikusema. Ya tatu hivyo hivyo. Mwalimu Mkuu akanigeukia.

"Mwalimu Kidawa, ndo uliyowafundisha haya? Suali limewashinda, wanamrudishia mtungaji!"

Mkaguzi akavaa miwani yake, akamsogezea kifungu.

"Mwalimu Mkuu, tafadhali nisaidie. Mstari gani umesema ndani ya kiroba mna nini?"

Akasoma. Akarudia kusoma, kidole kinafuata mistari. Akarudi juu tena. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake inacheza, na mwanamke yule mkali, ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake yote, akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Toba! Na mimi nilikuwa nshaamua ni mchele!"

"Suali hilo nalitia kila ninapokwenda," mkaguzi akasema. "Napewa mchele, napewa sukari, skuli moja walinipa mbuzi. Leo ndo mara ya kwanza darasa zima linakataa kunizushia." Akainua karatasi moja. "Na huyu hapa ametaka kunimaliza. Msikilizeni: kifungu hakikusema mna nini, lakini kilikuwa kizito, kwa sababu alikihamisha bega na akapumzika kila penye kivuli. Nani huyu Riziki Makame?"

Sikuweza kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia, nacheka, natafuta leso, vyote kwa pamoja.

Mwalimu Mkuu akajifuta macho, akarudi kwenye ukali wake kama mtu anayevaa viatu. "Mkondo D watafanya mtihani wa taifa," akasema. "Na kesho, Mwalimu Kidawa, utaanza kuwafundisha Mkondo A. Kelele zenu lakini mfunge madirisha."

Nilipopeleka habari darasani, sikuwahi kumaliza sentensi. Walirukaruka, wakapiga meza, mmoja akafuta ubao bila ya kosa lolote. Riziki alibaki amekaa. Nikamwendea.

"Umesikia?"

"Nani kasema?" akaniuliza, macho yamejaa maji.

"Mwalimu Mkuu mwenyewe."

"Umemsikia wewe, au umeambiwa?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu, mwanangu."

Hapo ndipo alipoamini, akanikumbatia.

Mtihani wa taifa hawakufaulu wote, nisiwe mzushi nami. Lakini waliofaulu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia mtu yeyote, na Riziki alikuwamo. Akaendelea, akaingia chuo kikuu, kampasi ya Tunguu, akasomea ualimu. Baba yake alikuja kutoka Tumbatu na pweza mkavu wa kunishukuru, mkubwa hata sikujua nimweke wapi. Miaka ikapita. Asubuhi moja mwalimu mpya wa Kiingereza aliingia ofisini kwetu na boksi lake la chaki alilonunua mwenyewe, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa Riziki. Tukafundisha pamoja, chumba kwa chumba, na kelele zetu zilipokutana ukumbini ilikuwa raha isiyo kifani.

Mwaka huu nimestaafu. Skuli walinifanyia shughuli: maulidi mafupi, sambusa, zawadi ya saa ya ukutani, maneno mazuri ambayo nusu yake ningeyapigia kelele za uzushi kama ningekuwa darasani. Niliyavumilia. Niliwaambia watu wote kwamba nimechoka, nafurahi kupumzika, nitalala mpaka jua linichome. Walimu wakaniamini. Mimi mwenyewe nilikaribia kujiamini.

Kipindi cha mwisho Riziki akaniomba niingie darasani kwake nikae nyuma. Meza zilikuwa ukutani, viti duara. Ubaoni alikuwa ameandika kifungu kwa mkono wake. Kilihusu mwalimu mmoja aliyefika skuli kabla geti halijafunguliwa, akafundisha Kaskazini, akafundisha Malindi, akamaliza mjini, na leo anarudi nyumbani. Chini yake masuali, na la mwisho likiuliza: Je, mwalimu huyu anataka kuondoka?

Wakadodosana, wakapigana kelele za uzushi, mmoja akafuta kipande cha ubao. Walipofika suali la mwisho, msichana mmoja mdogo wa mwili akainuka.

"Kifungu hakikusema," akasema.

"Vizuri sana," Riziki akajibu.

Msichana hakukaa. Akageuka kunitazama. "Lakini, Mwalimu, mwenyewe si huyu hapa? Tumuulizeni."

Darasa zima likageuka. Riziki hakunisaidia hata kidogo. Alikunja mikono na kungoja, na uso wake nao ulikuwa unauliza. Nikasimama. Nilikuwa na jibu langu tayari, lile la kuchoka na kulala, nilishalitoa shughuli nzima. Halikutoka.

"Sitaki," nikasema.

"Kwa nini?" wakauliza wote kwa sauti moja, na hakuna hata mmoja aliyeona haya kumuuliza mtu mzima.

Nikavuta kiti changu, nikaingia ndani ya duara, nikaanza kuwaambia tangu ile siku ya kijana aliyefunua hewa.